Kiungo cha Mia Nne na Kumi na Saba

Kazi yangu ni kupiga picha chuma.
Si harusi, si pasipoti, si sura ya mtu:
chuma tu, pale kilipoungwa.
Usiku, wenzangu wakishakwenda kula,
nafunga kamba ya njano, nalaza filamu mgongoni mwa bomba,
narudi nyuma hatua arobaini nikizihesabu,
mionzi ipite isinikute.

Hapa Vijibweni tunajenga mlango
wa gesi itakayokuja na meli,
gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji,
nyuzi mia moja sitini na mbili chini ya sifuri.
Mhandisi alipoitaja hesabu hiyo
jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye daftari.
Semkiwa akacheka: baridi hiyo
hata barafu ingeomba blanketi.

Watu huniuliza, kusini si ipo ya kwetu?
Ipo.
Na hii ya kununua ya nini?
Waulizeni wenye vikao.
Mimi najua viungo.

Ng'ambo ya mkono wa bahari mji unazimwa kwa zamu.
Leo Temeke, Keko, Mbagala.
Kesho wengine, nao watalalamika kwa zamu.
Shangazi yangu Nyamizi, Mtoni Kijichi,
alikuwa anauza barafu za ubuyu;
friji sasa ni kabati la unga.
Luku yake inasoma yuniti thelathini na moja.
Tangu Jumatatu inasoma thelathini na moja.
Anasema hajawahi kuwa tajiri kiasi hicho,
ana akiba asiyoweza kuitumia.

Saa nane usiku, ndani ya kontena,
naitundika filamu mbele ya taa.
Mia nne na kumi na tano, safi.
Na kumi na sita, safi.
Na kumi na saba:
kivuli. Kidogo kuliko punje ya uwele,
kimejificha katikati ya nyama ya chuma
mahali ambapo jicho lisingefika hata kwa mwaka.

Pembeni ya kiungo pana mhuri wa aliyekichoma: K9.
Kibasila.
Aliyenishika mkono nilipoingia hapa,
waliposema mwanamke na mionzi wapi na wapi,
akawaambia, mpeni mashine, mdomo mnao wenyewe.

Nikamwita. Akatazama kwa muda mrefu,
miwani juu ya paji la uso.
"Hapo hata mbu hapiti."
"Mbu hapiti," nikasema.
Msimamizi naye akaja, kavaa kandambili,
akanikumbusha meli imeshang'oa nanga,
siku kumi na mbili,
akanikumbusha mji, kana kwamba nilikuwa nimeusahau.

Fomu ina visanduku viwili tu.
Kikubaliwe. Kikatwe.
Hakuna cha tatu, cha Shangazi,
cha yuniti thelathini na moja,
cha mtu aliyekushika mkono.
Nikafikiria baridi ile ikipita, kutwa kucha,
inapapasa ukuta kama kipofu anayetafuta kitasa,
na siku moja inakipata.

Kikatwe.

Kibasila hakusema neno.
Alishusha miwani, akachukua msumeno wa kusaga,
akaanza kukata kazi yake mwenyewe
na cheche zikamrukia kifuani, zikafa huko.
Wala sikuondoka. Nilimshikia taa
mpaka kulipopambazuka upande wa Kibada.

Asubuhi nikafika nyumbani na mkaa, kopo mbili,
bei imepanda tena.
Shangazi yuko barazani na sufuria la maharage
na swali lilelile: "Lini?"
"Walisema wiki ijayo. Sasa ongeza wiki."
"Nani huyo kachelewesha?"

Nikauweka mkaa chini.
"Mimi."

Akanitazama, kuanzia viatu vya chuma
mpaka macho yangu mekundu.
Akanisogezea kigoda,
akanitia kipepeo mkononi.
"Basi pepea wewe."