Wala Samaki

Rayya ana mtihani kesho. Namsikiliza
jikoni, hapa Sib, nikimparua changu magamba.
"Wayunani," asoma, "asiyejua lugha yao
walimsikia akisema bar-bar, bar-bar,
wakampa jina lilo hilo."
Nikacheka, kisu kikateleza.

Na pwani za huku, anaendelea,
watu wake wakaandikwa kwa neno moja:
Wala Samaki.
Hawakuuliza changu anaungwaje,
wala kavuliwa na mtoto wa nani.

Lakini miungu! Miungu waliikaribisha.
Wakimkuta wa watu wengine, husema:
si yule yule wetu wa radi?
Kabadili kilemba tu.
Kila sanamu ikapata ndugu ugenini,
mtu akabaki mlangoni.

Sabini na mbili nilishuka Maskati
na sanduku la bati, na Kiswahili mdomoni.
Dukani naomba chumvi, wakatazamana.
Binamu yangu, damu moja, jina la babu moja,
akaninong'oneza: "Sema kama watu."

"Bibi, kwa hiyo Wayunani walikuwa wabaya?"

Namkamulia changu ndimu.
Nje, vijana wa Kibangali wanachimba mtaro;
mwezi mzima nasema, kelele gani hizi.
Leo nimezima feni, nisikie.
Mmoja anaita, anaita tena, neno lile lile,
na mwenzake, shimoni, anainua kichwa.

Kumbe ni jina.

"Soma, Rayya," namwambia. "Soma polepole."