Robo Tatu ya Mita

Bi Nuruana alinipigia Ijumaa usiku: kesho njoo saa mbili.
Asubuhi saa ya mkononi iliandika nane, nami nikasoma mbili,
kama mji mzima unavyosoma, bila mtu kutuonya.
Sawa. Hapo hakuna kilichopungua.

Dukani kwake, Mtaa wa Kongo, Kariakoo,
majora ya lesi yamesimama wima,
mkasi umefungwa kamba mezani, usitembee.
Tekla anapima: mita mbili na robo tatu.
Anaandika 2.75. Anabonyeza.
Risiti inatoka: 2.

"Hebu nisomee," akasema Bi Nuruana, "labda ni macho yangu."
Nikasoma. Macho yake yalikuwa mazima.
Akafunua daftari la wino wa bluu, wiki sita,
robo, nusu, robo tatu,
na ile nusu mita ya utepe
iliyouzwa, kwa hesabu ya kompyuta, sifuri.
"Kitambaa kimeondoka na mteja.
Humu ndani hakijawahi kuwepo."
Hakunigombeza. Alinimiminia chai,
ikawa mbaya zaidi.

Ni mimi niliyeandika kwamba wingi ni namba kamili.
Mita ikaja na mkia wake, mlango mfupi, mkia ukakatwa,
na wewe, kompaila, ulikuwa umekaa pale pale mlangoni.

Hapana. Nisikusingizie. Ulisema.
Ulisema mara mia nne na kumi na mbili.
Ulionya namba ndogo ilipohamia chumba kikubwa,
ulionya tatu ilipoitwa tatu nukta sifuri,
ulilia kama king'ora cha gari kule Sinza
kinacholizwa na paka, usiku kucha,
mpaka mwenye gari mwenyewe anageukia ukutani.
Ndipo Lusajo akaongeza mstari mmoja wa kukunyamazisha
na sote tukasema, ahaa, sasa tufanye kazi.

Usiku, Kijitonyama, umeme umekatika,
nikaiwaza lugha niliyozaliwa nayo.
Nayo ina aina zake, na ni kali:
thubutu kusema *kiti ameanguka*,
mtoto wa miaka minne atakucheka.
Lakini kifaru, aliyevaa ki- kama kiti, kama kijiko,
maadamu anapumua, lugha inamvusha kimya kimya:
*kifaru amelala*. Nani ameshtuka?
*Kifaru kimelala*: hapo sikio linasimama.
Ama ni chuma cha vita,
ama kuna mtu amemnyang'anya mnyama pumzi yake.

Basi sikia.
Maji ya glasi yakimiminwa kwenye ndoo, lala.
Ya ndoo yakielekea glasi, piga kelele,
hata kama leo ndoo ina funda moja tu,
kwani ya kesho huyajui, wala mimi.
Namba ya simu ikichukuliwa kama hesabu
na sifuri yake ya mbele ikadondoka,
huyo mteja hapatikani tena: niamshe.
Ila nikiandika kwa mkono wangu, *kata hapa*,
niache. Nimeona, nimeamua, lawama nitabeba.

Na namba ndefu sana ikiingia kwenye desimali,
zile tarakimu za mwisho zikafifia?
Sijui. Lusajo anasema onya, mimi nasema itategemea,
tulibishana mpaka chipsi zikapoa.

Jumatatu tuliufuta ule mstari.
Tukakufundisha kuyaacha yasiyopoteza kitu.
Yakabaki maonyo kumi na tisa, nikayasoma moja moja
kama mtu anayesoma barua za wadai wake.
La kumi na moja lilikuwa kitambaa.

Tekla sasa anapima, anabonyeza, inatoka 2.75.
Bi Nuruana anavaa miwani, analinganisha na daftari.
Hajalitupa.
Nami sijamwomba alitupe.