Jani Halikuingia

Niliingia hospitali kwa ufizi.
Ufizi tu: nilipiga mswaki, damu ikakataa kukoma,
na miguuni vidoa, kama mtu aliyetembelewa na viroboto wapole.
Jioni yake daktari kijana akavuta kiti.
Daktari akivuta kiti, jua si habari ya vidonge.

Akaniuliza kazi. Nachambua kahawa, nikasema,
mwaka wa kumi na tisa huu, kiwandani hapa Moshi.
Akafikiri kidogo. "Basi uboho wako ni kapu.
Limejaa buni mbichi, za kijani, zisizotaka kuiva,
na zinazidi kumwagwa humo usiku na mchana
hadi zilizoiva hazina pa kukaa."
Nikamwuliza: tunachambua?
"Hapana, mama. Tunamwaga kapu zima,
halafu tunangoja mti uzae upya."

Shangazi Mamkwe alitaka tungoje Jumapili:
ukoo ukae, mchungaji aje, ndama auzwe.
Maneno ya busara, yote,
kwa ugonjwa mwingine.
"Huu hauijui Jumapili," daktari alisema,
na saa nne usiku nikatia sahihi, mkono ukiwa baridi.

Dawa zilikuwa mbili.
Moja maji matupu kwa macho, tone kwa tone, siku saba bila kulala.
Ya pili nyekundu kama juisi ya rozela, siku tatu.
Sista Pulkeria akanionya:
"Ukikojoa nyekundu usipige kelele. Si damu. Ni dawa inaaga."
Nikakojoa nyekundu. Sikupiga kelele.
Nililia, lakini hilo hakulikataza.

Siku ya kumi na nne kapu likawa tupu.
Nywele zilibaki mtoni,
namaanisha mto wa kulalia, hakuna maji yaliyonipitia.
Mdomo vidonda, uji wa ulezi hadi upoe kabisa,
homa inapanda kama mgeni anayejua ngazi zilipo.
Marufuku maua. Marufuku udongo.
Marufuku mtu mwenye mafua, hata awe askofu.

Ndipo akaja Aminieli.
Kaka yangu wa tumbo moja, miaka sita hatusalimiani,
kisa mpaka wa kihamba kule Uru,
migomba ishirini.
Amekuja na jani la isale, fundo limefungwa vizuri,
na sisi wa mlimani hatuhitaji kuelezwa:
ukionyeshwa isale, unasamehe. Ukikataa, shauri yako na waliokutangulia.

Sista akamzuia mlangoni.
Niliwaona kupitia kioo, midomo inacheza bila sauti.
Jani lina udongo. Jani lina ukungu.
Huyu ndani hana askari hata mmoja.
Kaka akabaki nalo mkononi
kama mtu aliyefika harusini na zawadi ya msiba.
Kisha akalilaza nje ya dirisha langu, juu ya kizingiti,
akakunja mkono wa shati,
akauliza benki ya damu iko wapi.

Kesho yake nikatundikiwa mfuko wa chembe sahani,
manjano, kama supu ya kuku iliyochujwa.
Mfuko hauandikwi jina. Una namba, na kundi: O.
Huenda ni wa mwanafunzi wa sekondari aliyependa soda ya bure.
Huenda ni wake.
Sikuuliza. Uliingia taratibu, ukiwa na ubaridi wa friji,
na usiku ule ufizi ukanyamaza.

Keshokutwa wananitoboa nyonga tena, waangalie kapu.
Naogopa ile sindano kuliko jibu;
au nasema hivyo ili nisiseme vingine.
Isale limekauka pale nje. Upepo unalisogeza, haulichukui.

Nimempigia Aminieli. Nimemwambia:
kati ya ile ishirini, chukua kumi na miwili.
Minane iliyobaki, ngoja nipone,
tutaigombania vizuri.