Futi Nne kwa Moja na Nusu

"Samaki hapandi ngazi," fundi Mshamu aliniambia,
kalamu ya kukatia vioo sikioni,
karakana yake ya Keko inanuka silikoni, ukali wa siki.
Nilikuwa nimemchorea tangi la kwenda juu, jembamba,
kama la mapokezi ya hoteli,
likae konani lisitusumbue.
Akaigeuza karatasi, ikalala ubavu.
"Hawa hugombea chini. Wape sakafu."

Walikuwa sita. Lwitiko alinitumia kutoka Kyela
kwa basi la usiku, mfuko ndani ya mfuko ndani ya ndoo ya rangi,
hewa wamejaziwa kwa mchomelea vyuma.
Ndugu wa sato hawa, ila wamevaa kama wanaokwenda kupokea mahari:
wawili njano tupu, wanne buluu yenye mistari ya daftari.
Bi Sikudhani wa chumba cha pili akachungulia.
"Wa kukaanga?"
Wa kutazama.
"Haya," akasema, kwa sauti anayowawekea wagonjwa.

Nikawatia kwenye kitangi cha lita sitini
nilichonunua Kariakoo, na kasri lake la plastiki.
Walikuwa kidole kimoja kimoja. Nani angejua
kidole hukua kikaikaribia shubiri?
Mwezi wa nne buluu mmoja akajitangaza mwenye nyumba.
Kodi alitoza mapezi ya wenzake.
Asubuhi nilimkuta njano kajibana nyuma ya bomba la chujio,
mkia umebaki uzi,
anapumua kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

Nikasema, yule ana roho mbaya.
Halafu nikakumbuka chumba cha Kimanga,
futi kumi kwa kumi, sisi watano na cherehani ya mama.
Mimi na Lwitiko tulichora mstari wa chaki kwenye godoro.
Kidole gumba kikivuka, ngumi.
Kovu hili juu ya nyusi ni la Februari moja,
tuligombea upande wa dirisha.
Hakuna aliyekuwa na roho mbaya.
Palikuwa na joto, na hapakuwa na pa kwenda.

Futi nne, basi. Upana moja na nusu, kimo moja na nusu.
"Robo tani ya maji," Mshamu akanionya, "bado mawe.
Usije ukaliweka juu ya kabati la vyombo."

Mawe kwanza, yakalie kioo chenyewe, mchanga baadaye,
maana hawa ni wachimbaji
na jiwe lililosimama mchangani huanguka usiku.
Rundo huku, rundo kule,
anayefukuzwa apate kona ya kupotelea.

Maji ya bomba nayalaza kwenye ndoo, dawa iruke.
Ila yale ya kisima cha Mbagala, yanayokataa povu la sabuni,
yanayotia ukoko birika,
hayo ndiyo wanayoyapenda.
Kila Jumamosi theluthi inatoka, theluthi inaingia.

Wiki tano tangi lilinguruma bila mkazi,
nikilidondoshea chembe za chakula kama ninalisha mizimu,
hadi sponji ikaota ule utelezi unaokula uchafu.
Sponji hukamuliwa ndani ya maji ya tangi.
Siku niliyoiosha bombani
niliua kila kisichoonekana,
na buluu mmoja aliyeonekana.

Jana umeme ulikatika saa nne usiku.
Nikawasha pampu ya betri, nikafunua kifuniko,
nikampigia Lwitiko.
"Wanapigana?"
Kidogo. Mkubwa ana rundo lake la kushoto.
Njano kaota mkia mpya, mfupi upande mmoja.
Akanyamaza, nikasikia vyura wa kwao.
"Na upande wa dirisha kakaa nani?"
Lote ni dirisha, nikamwambia.
Akacheka mpaka akakohoa.
Pampu ilikuwa imebakiza taa moja ya chaji.