Paa

Jiko la uani, Sib, joto la Julai.
Bibi Zuwena kanipa kisu: "Samaki changu huyu. Paa."
Mie na Kiswahili changu cha kuokoteza:
"Si samaki *wangu*, bibi?"
Nikatazama juu: bati, njiwa wawili wanatweta.

Akacheka mpaka akakalia ndoo.
"Usitazame huko! Wala simsemi yule wa jangwani
mwenye pembe, wala ndege iliyotutoa Unguja
ikapaa, mama'ko kanitapikia kangani.
Magamba, mwanangu, magamba!"

Nikapaa, vibaya, toka kichwani.
Magamba yakapaa: shavuni, kwenye chai ya maziwa,
moja likanasa paani.

Bibi tulimzika mwezi wa Safar.
Mpangaji mpya kaniuliza
kinachometa pale juu ni nini.
Kwa Kiarabu nikakosa neno.