Kilichofutwa

Kadzo Thoya ameketi ukingoni mwa kiti
kama aliyeazimwa, anaogopa kukichakaza.
Fomu yake ina doa la mafuta ya mahamri.
Penye *lugha unazozijua* ameandika
Kigiriama, Kiswahili, Kiingereza,
na kwa herufi ndogo zaidi, Kiitaliano cha jikoni.

Nimemwambia ninalowaambia wote tangu Januari:
"Jieleze ulivyo. Usijipake chokaa."
Maneno yamenitoka laini,
punje za tasbihi zilizochoka vidole.
Akanitazama.
"Na wewe, mwalimu, uliandikaje?"

Mimi?
Mimi niliandikiwa.
Karani wa duka la fotokopi, Maweni,
shilingi hamsini ukurasa, kumi zaidi ukitaka maneno mazito,
alinitungia ndoto ya uuguzi tangu utotoni,
mimi niliyezimia kwa damu ya kuku wa Idi.
Penye *kazi ya mzazi* tukaweka: mfanyabiashara.
Mama alikuwa akifua mashuka ya hoteli za Casuarina,
mikono imebabuka kwa jiki.
Alijua kutukana kwa Kiitaliano, na kushukuru,
maana hayo mawili ndiyo aliyoyasikia zaidi.
Lugha hiyo sikuiandika.

Nilifika chuoni wiki tatu nyuma ya wenzangu,
godoro kichwani, karo nusu,
Sabaki imefurika, bahari yote rangi ya chai ya maziwa.
Wenzangu wakitamka "hemoglobini"
kama wanaomtaja shangazi yao.
Mimi nikitafuna kalamu hadi wino ukaingia menoni.
Muhula wa kwanza nikafeli masomo matatu kati ya matano.
Nikampigia mama: nimepita.
Mama akapika pilau, akaita majirani.
Pilau ile bado haijanishuka.

Mwaka jana tulipohamisha stoo nililiona faili langu,
mende wamelila pembe.
Picha: msichana wa shingo ndefu, ushungi wa kuazima.
Na pembeni mwa barua ya karani,
penseli ya Bi. Mwanakombo Famau,
aliyekikalia kiti hiki kabla yangu:
neno moja, limefutwa kwa raba,
na juu yake jipya: *Apokewe.*

Karatasi niliiinua dirishani, nikailaza,
nikaipapasa kwa ukucha.
Nikaona mkia wa herufi moja tu.
Labda g. Labda y.
Bi. Mwanakombo yuko kaburini, hawezi kuniambia
aliona nini hata mkono ukarudi nyuma:
uongo ule, au mimi niliyejibanza nyuma yake,
au alikuwa tu ameshiba vizuri mchana huo.

Kadzo anangoja.
Hesabu ana D, hilo halifichiki.
Nje mtu anaburuta meza.
"Uliandikaje, mwalimu?"
"Vibaya," namjibu.
Kisha namuuliza, kwa Kiitaliano cha mama,
huko jikoni walikuwa wakimwitaje.
Anacheka, kaziba mdomo kwa leso.
Jibu lake halifai kuandikwa popote.

Kalamu ya wino naiweka kando.
Navuta droo,
natafuta penseli.