Tundu la Sita

Mkanda wa baba ulitoka mnada wa Bahi
na matundu matano.
La sita alilitoboa mwenyewe
kwa msumari uliopashwa jikoni.
Mimi, Nyemo, ndiye niliyeushika;
ngozi ikafuka,
ikanuka kama ndama anayetiwa chapa.

Vidonda, walisema zahanati.
Taifodi, likasema duka la dawa.
Mkono wa mtu, akasema shangazi,
akamchanja chale kuzunguka kitovu.
Tumbo halikusikia lugha ya yeyote.
Jioni joto, usiku jasho mpaka kwenye ngozi ya kulalia,
na chini, upande wa kulia,
kitu kigumu, kama kiazi kilichosahaulika shambani.

Dodoma mjini, daktari mwenye kucha fupi
hakuanza na karatasi. Alianza na vidole.
Akabonyeza tumbo, akausoma uso.
Kisha akauliza ambalo hakuna aliyeuliza:
"Maziwa mnakunywaje?"
Baba akacheka, mara ya kwanza tangu masika:
"Kwa mdomo."

Kohozi halikuonyesha kitu;
na tangu lini baba alikohoa?
Wakapitisha kamera yenye mkia,
wakamega kinyama kidogo kuliko punje ya uwele.
Siku tisa tulilala kwa binamu, Chang'ombe,
na neno saratani
hakuna aliyelitamka. Lilikula nasi
kama mgeni asiyenawa.

Kumbe kifua kikuu.
"Kifua?" Baba akajishika kifuani,
mkono ukateremka taratibu.
"Kilihamia huku lini?"
"Jina ndilo limebaki kifuani," daktari akasema,
"ugonjwa wenyewe hausomi."

Miezi sita.
Vidonge alfajiri, kabla ya uji.
Mkojo ukawa rangi ya chungwa,
naye akatuita tukaone,
nusu aibu, nusu fahari.
Mwezi wa pili akapata nafuu, akataka kuacha.
Mama hakubishana. Alimletea mkanda.
"La saba utoboe peke yako, Chidawali.
Msumari uko palepale."
Akameza.

Sasa yuko tundu la tatu.
Maziwa tunachemsha; analalamika yana ladha ya sufuria,
anakunywa akinikazia macho
kana kwamba nimemwibia ng'ombe.
Lile la sita lipo, kingo zake nyeusi.
Ngozi iliyokufa haifungi kidonda.
Kila asubuhi kidole gumba chake hufika pale,
husimama,
halafu hurudi kutafuta la tatu.